Bendera ya Samweli

Wiki iliyopita shuleni kwa binti yangu bendera ilikuwa nusu mlingoti, na sijui nani alikuwa amekufa. Hakuna aliyetuambia, na mimi sikuuliza. Tulikuwa tunavuka barabara, upepo unatupiga usoni, kamba ya bendera inagonga mlingoti ting, ting, ting, mtoto akanyoosha kidole. Kiswahili anakisikia tu, kujibu hajibu nacho, kwa hiyo aliniuliza kwa Kiingereza kama bendera imekwama. Nikamvuta mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Akalia hadi mlangoni. Mwalimu wake akanitazama kwa jicho la kunipima, na mimi nikamtazama vilevile.

Ana miaka minne, na ameuliza. Mimi nilikuwa na minane na sikumuuliza mtu. Nilijipa jibu mwenyewe, nikampa na Mama yangu. Hiyo ndiyo hasira yangu, na nitaimwaga hapa, maana wenzangu wa rika langu, ninyi mliokuwa midomo ya wazazi wenu kwenye nchi za watu, mtanielewa hata nikisema ovyo.

Sisi kabla ya Toronto tulikaa Ufini. Hapa mtaani kwetu Mount Dennis nikisema hivyo watu wanacheka, wanadhani natania. Tulitoka kambi ya wakimbizi Kigoma, mimi nina miaka saba, mdogo wangu Daudi mitano, tukapelekwa mji mmoja ambao hata Mfini wa mbali ukimtajia jina lake anafikiri kwanza. Ulikuwa mji mdogo. Ungeweza kuuzunguka wote kwa miguu kabla chai haijapoa. Lakini watu wa vijiji vya kandokando waliuita "mjini" tu, kama vile hakuna mwingine, kwa sababu kila kitu cha eneo lile kilikuwa pale: hospitali kubwa, mahakama, ofisi ya leseni, duka la miwani, fundi wa meno ya bandia. Asubuhi mabasi yaliingia yamejaa wazee kutoka huko msituni, wamepakata bahasha za hospitali, hawasemezani. Jioni yakawarudisha. Mimi niliamini kuwa dunia nzima inaletwa kwetu kutengenezwa. Macho, meno, moyo, unaletwa mjini kwetu, unatengenezwa, unapanda basi unarudi kwenu mzima.

Mji ulinuka mbao mbichi. Kiwanda alichofanya kazi Baba kilikuwa ng'ambo ya mto, na siku za baridi kali ile harufu haikuondoka, ilisimama hewani, ukivuta pumzi unahisi umelamba ubao. Baba alirudi kutoka zamu na unga wa mbao kwenye nyusi, analala, anaamka, anaondoka. Kifini alichojua kilikuwa cha mashine: simamisha, inua, angalia mkono. Mama naye alihudhuria darasa la lugha siku mbili kwa wiki na akarudi kila mara na kichwa kinamuuma.

Kwa hiyo mimi. Miezi minane tu shuleni na nilikuwa nakiongea kile Kifini kama nimezaliwa nacho. Nilisoma barua za ofisi. Nilimwambia mwenye duka kuwa maziwa yameharibika. Kulikuwa na mkalimani wa simu, mwanamume mmoja wa mji mkuu mwenye Kiswahili cha pwani, lakini mkalimani wa simu hashuki na wewe ngazi kutupa taka. Mimi nilishuka. Mama alikuwa ananishika bega kwa nyuma na kuniuliza, "Huyu anasemaje? Na yule? Mbona wamevaa hivyo? Ile karatasi pale mlangoni inasema nini?" Na sikuwahi, hata mara moja, kusema sijui. Mtoto akipewa cheo hicho hawezi kusema hajui. Nilipojua nilisema, na nisipojua nilitunga.

Jengo letu lilikuwa la ghorofa nne, la rangi ya haradali, na mlangoni kulikuwa na ubao mweusi wenye majina ya familia kwa herufi nyeupe. Letu lilikuwa refu kuliko yote na liliandikwa kwa kubanwa. Kimya kilichokuwa ndani ya lile jengo, mwanzoni nilidhani kila nyumba ina mgonjwa. Aliyelitunza tulimwita Mzee wa Funguo. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye kofia ya masikio, kidole kimoja cha mkono wa kulia hakipo, na kazi yake ilikuwa kusukuma theluji, kubadilisha taa na kupandisha bendera. Mlingoti ulikuwa uani, chini ya dirisha letu la jikoni. Bendera yenyewe nyeupe, msalaba wa bluu. "Watu wa Mungu hawa," Mama alisema alipoiona mara ya kwanza. "Wangekuwa wanacheka kidogo tu, wangekuwa watu wa Mungu kabisa."

Mwalimu wetu alitufundisha kuwa bendera hupandishwa siku za furaha. Akatutajia: siku ya uhuru, siku ya katikati ya kiangazi, siku ya akina mama. Siku ya akina mama ilipofika nilikimbia jikoni asubuhi. "Mama, njoo uone. Ile leo ni yako."

"Yangu vipi?"

"Ya akina mama wote. Serikali imesema."

Mama akaenda akavaa kitenge chake cha ndege, kile cha harusi, akafunga kilemba, akatoka roshani kwenye baridi ile ya Mei isiyo na adabu, akampungia Mzee wa Funguo. Yule mzee akatazama nyuma yake kwanza, aone anapungiwa nani. Halafu akavua kofia. Mama alilishika tukio hilo miezi mingi. "Unaona? Hawasemi, lakini wanajua kuheshimu."

Ndipo ikaja ile asubuhi ya vuli. Bendera ilipandishwa hadi juu kabisa, halafu Mzee wa Funguo akaishusha kidogo, akaifunga hapo. Haikuwa siku yoyote aliyotutajia mwalimu. Mama akaniuliza, mikono ina unga, "Leo kuna nini?"

Nilitazama. Niliona mbele ya mlango gari limesimama, watu wanne wanashuka, mavazi meusi mazuri yaliyopigwa pasi, mmoja kabeba maua, mwingine boksi la keki, lile boksi jeupe la duka la mkate. Nikawasikia wakiingia ghorofa ya pili, kwa bibi mmoja aliyekaa na mumewe. Nikajumlisha. Keki, maua, nguo nzuri, bendera, lakini bendera haikubaki juu.

"Ni sherehe ndogo," nikamwambia Mama. "Ya familia moja. Kwa yule bibi wa chini. Sherehe ya nchi bendera inaenda juu, sherehe ya nyumba inaishia katikati."

Nilisema bila kupepesa macho. Hata leo nikikumbuka ile sauti yangu natamani kujizaba kibao.

Mama aliyatoa mafutani maandazi aliyokuwa anatukaangia sisi, akayapanga kwenye sahani yake ya maua, akafunika na kitambaa. "Jirani ana sherehe na sisi tunapika humu ndani harufu inashuka kwake, halafu tunakula peke yetu? Sisi si wanyama. Nifundishe wanavyosema hongera." Nikamfundisha kwenye ngazi. Alilirudia lile neno kila ngazi, midomo inalishikashika kama chakula kigeni.

Bibi alifungua mlango mwenyewe. Mweupe, mfupi, sweta jeusi, macho mekundu. Nyuma yake niliona meza, mshumaa na picha ya mumewe. Mama akainamisha magoti kidogo, akamnyooshea sahani kwa mikono miwili, akatabasamu tabasamu lake lote, akasema, "Hongera." Akalisema vizuri sana. Akaongeza mwenyewe, maana alikuwa amefurahi kuliweza, "Hongera, hongera."

Mle ndani kijiko kilianguka kwenye sahani. Bibi alimtazama Mama, halafu akanitazama mimi, kwa muda, kama mtu anayesoma barua ambayo si yake. Akapokea sahani. Akasema asante. Akafunga mlango polepole kabisa.

"Umeona alivyoguswa?" Mama akaniambia tukipanda. "Hadi machozi."

Kesho yake nilikutana na bibi kwenye ngazi nikirudi shule. Alikuwa amekaa, ananisubiri, sahani yetu imeoshwa ipo magotini. Alinieleza taratibu, kwa maneno mepesi, kama mnavyomweleza mtoto. Bendera ikiwa chini namna ile, mtu wa nyumba hii amefariki. Kila jengo lina desturi hiyo, hata awe maskini wa mwisho, akifa bendera ya jengo inamlilia. Aliyekufa ni mume wake yeye. Hakunikaripia. Aliniambia maandazi yalikuwa mazuri, wageni waliyamaliza. Akanishika kidevu. "Mweleze mama yako. Mwambie sikukasirika. Lakini mweleze, ili ajue."

Nikasema ndiyo. Nikapanda na sahani.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema maandazi yalikuwa mazuri. Wageni waliyamaliza."

Basi. Huo ndio uongo wangu, na wala si uongo, ni kweli tupu. Mama akacheka, akaipangusa sahani ambayo ilikuwa safi tayari. Ningemwambiaje? Kwamba nimempeleka akapige magoti mbele ya mjane akampongeze? Yeye, aliyeweza kukaa wiki nzima anajilaumu kwa sababu alimsalimia mchungaji na mkono wa kushoto? Nilipanga nitamwambia nikikua. Hivyo hasa ndivyo nilivyopanga, nikikua.

Mama alikuwa mjamzito wakati huo, na yule bibi akaanza kuuliza kila tukikutana. Alituletea soksi mbili za sufu alizofuma, ndogo kama vidole gumba. Mama akamshukuru kwa mikono na kichwa. Hospitali ilionekana dirishani kwetu, madirisha yake yote yanawaka, na Mama aliipenda kuliko kanisa. "Hapa mtoto hafi hovyo," alimwambia Baba. Kambini alikuwa ameona wanavyokufa hovyo. Alilisema hilo huku anajisugua tumbo, akitazama yale madirisha, na mimi nikamwamini, maana si ndiko watu walikokuja kwa mabasi kutengenezwa?

Samweli alizaliwa kabla ya wakati wake, nje theluji imefika kwenye vioo vya magari. Mama alilichagua jina hilo tangu kambini, alikuwa analitunza. Alimzaa asubuhi, mtoto akawekwa kwenye sanduku la kioo, nasi tukaruhusiwa kumtazama. Alikuwa na nywele. Hilo ndilo nalikumbuka, nywele nyingi nyeusi kama za mtu mzima, na mguu mmoja unaorusha teke dogo. Wauguzi walikuwa wema na sitasema vingine. Alikaa siku tisa. Siku ya tisa mkalimani wa simu ndiye aliyemwambia Mama, kwa kile Kiswahili chake safi cha pwani. Mimi nilikuwa darasani najifunza kuzidisha. Namshukuru Mungu kwa hilo moja.

Tulirudi nyumbani. Mama alijifunga kifua kwa kitenge, akakaza sana, kwa sababu maziwa yalikuwa yanakuja na hayakuwa na habari. Hakulia kwa sauti. Kambini angelia, wanawake wangejaa, wangelala chini naye. Hapa kulikuwa na sisi watatu na zile kuta. Asubuhi Baba alipoenda kushughulikia karatasi za mazishi nilitumwa maziwa dukani, nikakutana na bibi kwenye ngazi. "Mtoto anaendeleaje?" Nikamwambia, "Amekufa." Akaweka kiganja ukutani, akasimama hivyo. Nikampita. Sikujua kama inaruhusiwa kumpita mtu akiwa hivyo.

Kesho yake saa mbili asubuhi Mama aliniita.

Alikuwa amesimama dirishani jikoni. Chini uani Mzee wa Funguo alikuwa anavuta kamba, bila glavu, na bendera ilikuwa inapanda. Ndivyo ilivyo desturi, nimekuja kuisoma baadaye: hata ya msiba lazima ifike juu kabisa kwanza, kisha ndiyo ishushwe. Mama aliiona ikifika juu. Aliiona ikishuka kidogo na kufungwa.

"Leo nani ana sherehe?" akauliza.

Nilijua. Samweli hakuwahi kulala hata usiku mmoja katika jengo lile. Hakuwahi kupita mlangoni. Jina lake halikuwa kwenye ubao, lilikuwepo letu tu, lile refu la kubanwa, na yule mzee alikuwa amehesabu kwamba linatosha. Watu waliokuwa hawatusemeshi kwenye ngazi walikuwa wamemlilia mdogo wangu kwa namna yao waliyoijua. Nilikuwa nalo lile neno kwa Kifini na kwa Kiswahili. Lakini ili nilitoe ilibidi nitoe na lile la kwanza, la mjane na magoti na hongera, na Mama alikuwa amesimama na kifua kimefungwa, maziwa yamepenya kitenge na kufanya madoa mawili, na mimi nikaona kwamba nikimwongezea na aibu hiyo ataanguka.

"Sijui," nikasema. Mara yangu ya kwanza kusema hivyo.

"Yule bibi anajua kuwa mtoto amekufa?"

"Anajua. Nilimwambia."

"Basi wote wanajua." Alisema polepole, kama anayesoma. "Wanajua, na wanasherehekea. Hata siku moja hawangeweza kungoja."

Mzee wa Funguo alikuwa amevua kofia, amesimama kwenye ile baridi na kichwa wazi, anatazama juu dirishani kwetu. Mama akamtazama. Sijawahi kuona mtu akimtazama mtu hivyo tena. Akavuta pazia.

Alizitia zile soksi kwenye mfuko wa plastiki, akanituma nikazitundike kwenye kitasa cha bibi. Nikazitundika. Mtauliza mbona hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemweleza. Nani? Watu wa pale hawabishi hodi palipo na msiba, wanaona ni kukusumbua. Wanapandisha bendera, wanakuachia. Na Mama hakumuuliza mtu, kwa sababu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, na alishamuuliza. Baba alipoambiwa alikaa kwenye kiti na viatu vyake vya kiwandani akasema, "Watu wabaya wako kila mahali." Wiki ile ile akamwandikia kaka yake Toronto.

Nawakasirikia wote, nisiwafiche. Mzee wa Funguo: ungepanda ngazi, baba, ngazi arobaini na mbili tu. Bibi: ungeshika mkono wa Mama yangu, usingehitaji lugha. Baba, ungeuliza kiwandani. Na Mama. Nani anamfanya mtoto wa miaka minane kuwa macho yake yote na masikio yake yote, halafu asimwachie hata upenyo wa kukosea? Halafu hasira ikishazunguka hivyo, ikishamgusa kila mtu, inarudi na kukaa pale ilipotoka.

Makaratasi ya Kanada yalichukua miaka miwili. Katika miaka hiyo Mama hakumsalimia tena mtu wa jengo lile. Samweli alibaki kule, kwenye makaburi yenye miti myembamba myeupe, kaburi lake lina namba tu.

Toronto Mama alipona. Au tulidhani amepona. Alipata kazi ya kuhudumia wazee, alipata kanisa lililojaa Wakongo na Warundi, alipata wanawake wa kukaa nao chini. Na alikuwa na hadithi. Kila kikao, kila arusi, kila matanga, ilikuja. "Msiniambie mimi habari za wazungu. Mimi mwanangu Samweli alipokufa walipandisha bendera. Hadi juu. Kwa macho yangu haya." Wanawake wakaguna, wakapiga makofi ya huzuni, mmoja akasema, "Mama Daudi, umepita mengi." Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha chai. Niliisikia nikiwa na kumi na mbili, kumi na tano, kumi na saba. Hadithi ilikuwa inanenepa. Mwaka mmoja walikuwa wanapiga makofi uani. Mwaka mwingine kulikuwa na keki. Mimi nasema karibu sukari, karibu sukari.

Sekondari niliimaliza na tumbo. Baba wa mtoto aliishia alipoishia, simtaji. Binti yangu alipozaliwa Mama ndiye aliyekuja kuniogesha na kunipikia uji, akalala sakafuni kwangu wiki sita, na sina neno baya juu ya wiki hizo isipokuwa siku moja. Muuguzi alikuja nyumbani kumpima mtoto uzito, dada mchangamfu, akasifia nywele za mtoto. Nilimtafsiria Mama. Mama akakaa kitako. "Mwambie wangu alikuwa na nywele hivi hivi. Mwambie Samweli. Mwambie walivyofanya na bendera. Mwambie yote, asidhani watu wema kama yeye wako kila mahali."

Muuguzi akanigeukia, anatabasamu, anasubiri. Mtoto yuko kwenye mizani, uchi, anapiga teke. Nikafungua mdomo nikatafute Kiingereza, na Kiingereza hakikuja. Nilimgeukia Mama.

"Ilikuwa ya msiba," nikasema. "Ikiwa chini namna ile ni ya msiba. Walikuwa wanamlilia Samweli. Yule bibi tuliyempelekea maandazi, mume wake alikuwa amekufa. Alinieleza siku ya pili yake. Nilijua, Mama. Siku ile dirishani nilijua."

Muuguzi alitutazama mmoja mmoja, akauliza kama kila kitu kiko sawa. Jikoni friji ikaanza kuunguruma, ikanyamaza.

"Nilimwambia hongera," Mama akasema.

"Ndiyo."

"Mara tatu."

"Ndiyo, Mama."

Akamtazama mtoto pale kwenye mizani. Halafu akavuta shali begani. "Muulize amefika kilo ngapi," akasema.

Nilitegemea anipige. Nilitegemea alie, anitukane, anisamehe, lolote kati ya hayo ningelipokea. Alimaliza wiki zake sita, akanipikia hadi siku ya mwisho, akarudi kwake. Na hadithi ile hakuisimulia tena. Nilifurahi mwanzoni, nikasema ametua mzigo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuona nilichofanya. Mama hakuwa na mahali pengine pa kumtaja Samweli. Hana picha yake, kaburi liko ng'ambo ya bahari, Baba hataki kuzungumza. Alikuwa na ile hadithi tu, na ndani yake kila mara kulikuwa na "mwanangu Samweli", kwa sauti, mbele za watu. Sasa hasira imemtoka, na jina limeenda nayo. Amebaki na aibu, ile ile niliyomficha nikiwa na miaka minane, ila sasa ameipata akiwa na miaka hamsini na mbili.

Jumapili hii, baada ya ibada, tulikuwa ukumbi wa chini wa kanisa tunapakua chakula. Kuna mama mmoja mgeni, Mrundi, amefika karibuni, bado anavaa koti ndani ya nyumba. Alikuwa anamsaidia Mama kupanga sahani, wakawa wanaulizana habari, kambi gani, mwaka gani, nani mnamjua. Akamuuliza, "Na watoto Mungu amekupa wangapi, Mama Daudi?"

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu moja. Zamani angesema watatu, mmoja nimemwacha kwenye theluji, kaa nikusimulie.

"Wawili," Mama akasema.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sufuria ya maharage, mtoto ameshika sketi yangu.

"Watatu," nikasema.

Mgeni akanitazama, akamtazama Mama. Wanawake wawili wengine wakageuka. Mama hakuinua macho kutoka kwenye sahani. Alichukua nyingine, akaipangusa kwa upande wa khanga, akampa yule mgeni.

"Msimsikilize huyu," akasema. "Tangu mdogo anatafsiri vibaya."